Mbeba Mwenge Aliyegoma

Ukitoka Chicago kwa basi kwenda Indianapolis, barabara kuu namba 65 inapita kwenye mashamba ya mahindi na soya mpaka macho yanachoka, kisha mitambo ya upepo inajaa pande zote mbili. Njiani unapoteza saa moja, kwa kuwa miji hiyo miwili haihesabu saa sawa. Mpwa wangu, aliyezaliwa Marekani na kujifunza Kiswahili zaidi kwa simu za bibi yake, aliutumia muda huo kunieleza tuendako. Gen Con ni kusanyiko kubwa la michezo ya mezani. Gary Gygax aliliandaa mara ya kwanza mwaka 1968 katika ukumbi mmoja wa Lake Geneva, Wisconsin, na tangu 2003 makao yake ni Indianapolis. Miaka sita baada ya kusanyiko lile la kwanza, Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, na ndio uliompandisha basi mpwa wangu.

Nilitegemea kukuta watoto. Nikakuta watu wazima wenye mvi, wengine wamevaa majoho na pembe, wamepanga foleni ndefu kununua dadu za pande nne, nane, kumi na mbili, ishirini.

Mchezo wenyewe ni wa maneno. Kila mchezaji ana mhusika wake mmoja, shujaa. Mtu mmoja pale mezani, mwendeshaji, anabeba walimwengu wote waliobaki: walinzi, wauza pombe, majambazi, wafalme, mama mwenye nyumba ya wageni. Mashujaa sikuwaelewa sana, maana karatasi zao zimejaa takwimu kama taarifa ya benki. Nikajikuta nawatazama hao wengine.

Meza yetu ya kwanza iliendeshwa na mzee mmoja mpole, kwa kitabu cha mchezo huo cha mwaka 1981 kilichohaririwa na Tom Moldvay. Kabla ya kushuka pangoni, mashujaa walimwajiri kijana wa kubeba mwenge. Kitabu kile kinampa kila kibarua alama ya ari, na alama hiyo inatokana na mvuto wa tajiri wake. Mwenye mvuto wa wastani haruhusiwi kuajiri zaidi ya wanne, na ari yao ni 7. Hatari ikizidi ile waliyoitarajia, mwendeshaji anarusha dadu mbili. Jumla ikivuka alama hiyo, kibarua anaondoka. Hata mkirudi salama anapimwa tena, aamue kama safari ijayo atakwenda nanyi.

Tulifika kwenye mlango uliokuwa na mifupa mbele yake. Mpwa wangu akasema, "Mwenye mwenge atangulie."

Mzee akarusha dadu. Tisa. Kijana akapanda ngazi mbio, na mwenge mkononi. Sote tukabaki gizani, na meza nzima ikacheka isipokuwa mpwa wangu.

Mswahili hawezi kusikia kisa hicho asiwakumbuke wapagazi. Vitabu vya wavumbuzi wa Kizungu Burton na Stanley vimejaa manung'uniko juu ya wapagazi waliotoroka na mizigo, na ukiondoa wachache kama Sidi Mubarak Bombay, wengi wao ni idadi tu, hawana majina. Lakini kutoroka kwao ndiko kulikowalazimisha wakubwa wa misafara kujadiliana juu ya posho na mwendo. Kijana wa pangoni naye alikuwa na uwezo huo, tena kwa sheria iliyoandikwa. Mzee hakuamua yeye kwamba kijana ni mwoga. Dadu ilimfunga hata yeye mwendeshaji, asiweze kumfanya mtumishi mtiifu kwa sababu tu utiifu unarahisisha hadithi.

Jioni, tukila kwenye magari ya chakula nje ya jengo, mpwa wangu alinipa historia ya baadaye. Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliwapa raia wa kawaida fungu lao, na uhai wao ulipimwa kwa dadu ya pande nne. Wachezaji wakawa wanataniana kwamba paka wa nyumbani anaweza kumuua mkulima. Toleo la nne, la 2008, likaleta askari wa kufa kwa pigo moja, wenye pointi moja tu ya uhai. Kilichonishangaza zaidi ni kanuni za ushawishi za toleo la tatu. Shujaa mwenye ulimi mtamu akizungumza na adui kwa dakika moja, dadu na nyongeza zake zikifika 35, adui yule anakuwa rafiki. Ila kanuni hiyo haimgusi mhusika wa mchezaji mwenzako. Moyo wa shujaa ni mali yake. Moyo wa mlinzi wa lango ni kufuli la kufunguliwa.

Nilidhani michezo mipya imeliponya hilo, kwa hiyo nilifurahi tulipokaa kwenye meza ya Apocalypse World, ya Vincent Baker, iliyotoka 2010. Humo mwendeshaji harushi dadu kabisa, na anaagizwa ampe kila mtu jina na utu. Tulikutana na fundi wa magari mwenye jina, mwenye mama mgonjwa. Nikampenda. Kisha mpwa wangu akataka kumshawishi atuazime gari, akapata 10, na fundi akakubali, kwa kuwa kanuni inasema hivyo pakiwa na ahadi ya kutosha. Baadaye mpwa wangu alimfanyia vilevile mchezaji mwenzake. Hapo kanuni ikageuka: mwenzake angepata tuzo akikubali, angejiweka hatarini akikataa, lakini uamuzi ulibaki wake.

"Mjomba," mpwa wangu alijitetea, "tuna muda wa saa nne tu. Kila muuza pombe akiwa na hiari yake, hatutoki kwenye kilabu."

Nilimkubalia nusu. Mchezo lazima uishe, na mwendeshaji mwenye huruma anaweza kumpa fundi utu zaidi kuliko jedwali lolote. Lakini huruma inategemea nani amekaa kwenye kiti kile siku hiyo. Ningekuwa mmoja wa watu wa pembeni, bila jina, nimeshikishwa mwenge mbele ya mlango wa mifupa, ningechagua kitabu cha 1981 na ari yangu ya 7.

"Basi mlipe vizuri," alisema mpwa wangu, akikusanya dadu zake. "Mzee wa meza ya kwanza hutoa nyongeza ya ari kwa mshahara mnono."

Akarudi kwenye foleni ya mzee kuandikisha jina kwa mchezo wa kesho.