Wanaofuma deraya sebuleni ili wakapigane vita vya 1066

Tuseme jirani yako amenunua waya wa kuzungushia boma, kiasi cha mita 750, lakini huoni boma likizungushiwa chochote. Badala yake, kila jioni unamwona dirishani ameketi mbele ya televisheni, koleo mbili mkononi, akikunjakunja vijipete. Miezi inapita. Siku moja anatoka nje akiwa ameuvaa ule waya. Bila shaka utataka kujua kama jamaa zake wana habari!

Huko Uingereza watu wa aina hiyo ni wengi na jamaa zao wana habari kamili. Ukitaka kuwaona wamekusanyika, fanya safari mwezi wa Oktoba uende mji mdogo wa Battle, katika jimbo la East Sussex, kusini mashariki mwa nchi hiyo. Treni huondokea kituo cha Charing Cross jijini London na safari ni ya saa moja na nusu hivi. Ukishuka, panda kilima kwa miguu hadi utakapoliona lango kubwa la mawe lililojengwa mwaka wa 1338. Hapo ndipo penyewe.

Jina la mji huo kwa Kiingereza maana yake ni pigano, nao haukupewa bure. Mnamo Oktoba 14, 1066, jeshi la Mfalme Harold wa Uingereza lilisimama juu ya kilima hicho, ngao kwa ngao, likiwangojea Wanormani waliokuwa wamevuka bahari kutoka Ufaransa wakiongozwa na William, mtawala wa Normandy. Walipigana tangu asubuhi hadi giza likaanza kuingia. Harold akauawa, William akawa mfalme, na baadaye akaamuru ijengwe nyumba ya watawa papo hapo. Inasemekana madhabahu yake makuu yaliwekwa mahali alipoangukia Harold. Kanisa lenyewe lilibomolewa baada ya Mfalme Henry wa Nane kuifunga nyumba hiyo mwaka wa 1538, lakini jiwe la kuonyesha mahali pa madhabahu lipo na utaliona.

Siku za kawaida utakuta kondoo wakila nyasi kwenye mteremko. Lakini wikendi iliyo karibu na tarehe 14 Oktoba, karibu kila mwaka, kondoo huwapisha wanaume na wanawake waliovalia chuma, na vita hupiganwa upya mbele ya watazamaji. Mwaka wa 2016, ilipotimia miaka 950, wapiganaji walipita elfu moja.

Basi ufikapo, usikimbilie kutafuta mahali pa kutazamia vita. Vita vyenyewe huwa vifupi, tena matokeo unayajua. Nenda kwanza kwenye mahema. Huko ndiko kwenye mambo.

Waya na koleo

Mbele ya hema moja utakuta mtu na shati la chuma magotini, akiliziba tundu. Mwulize, atakueleza, watu hawa hawachoki kueleza. Shati hilo ndilo sisi tuitalo deraya. Neno hilo lilitufikia kutoka Kiarabu, kama vile chepeo, kofia ya vita, lilivyotufikia kutoka kwa Wareno. Ngao na mkuki tulikuwa navyo wenyewe.

Anayejitengenezea deraya nyumbani huanza na waya wa chuma wenye unene wa milimita 1.6 na ufito wa chuma wenye kipenyo cha milimita 8. Ufito huo huwekwa juu ya vigingi viwili vya mbao, ukatiwa mkono wa kuzungushia kama wa kutekea maji kisimani. Waya huzungushwa juu yake hadi uwe kama springi ndefu. Springi hiyo hukatwa upande mmoja, mzunguko baada ya mzunguko, na kila mkato huangusha pete moja iliyo wazi.

Sasa huingia koleo mbili. Kila pete hupitishwa ndani ya nyingine nne, kisha hufungwa. Nne ndani ya moja, moja ndani ya nne, hivyo hivyo hadi litokee shati la kufika magotini. Shati la mtu mzima laweza kula pete 25,000. Piga hesabu: ukifunga pete 250 kila jioni bila kukosa, utamaliza kwa siku mia moja. Kila pete ina uzito wa karibu nusu gramu, kitu cha kupeperushwa na upepo, lakini zote pamoja ni kilo 12. Hebu jifikirie umebeba pakiti sita za unga wa ugali mabegani tangu asubuhi hadi jioni, na huku mtu anakufukuza kwa shoka.

Ndipo utakapouona umuhimu wa mshipi. Usipoufunga, uzito wote huning'inia mabegani na shingo hukuuma. Ukiufunga kwa kukaza na kulivuta shati kidogo juu yake, sehemu ya uzito hushukia nyonga na unaweza kutembea. Hayo hutayajua kwa kuitazama deraya ikiwa ndani ya kabati la kioo. Na kuivua je? Unainama kichwa chini, unanyosha mikono mbele na kujitikisa, nayo inateleza yenyewe na kuanguka, ikiondoka na nywele zako chache.

Kwa hakika deraya ya namna hii ina kasoro, na mwenyewe atakuambia kabla hujamwuliza. Pete zilizokunjwa tu bila kushikizwa hufunguka zikipigwa sawasawa. Wahunzi wa zamani walizibamiza ncha za pete, wakazitoboa tundu, wakapitisha ribiti ndogo kuliko kichwa cha pini. Kazi hiyo ni ya kutoa machozi, na siku hizi wengi huona heri wanunue deraya za ribiti zilizotengenezwa India. Hata hivyo, walio wabishi bado hukaa na nyundo zao.

Nyinyi wanafunzi ambao tayari mnautafuta waya, chungeni jambo moja. Waya wa boma hupakwa zinki ili usishike kutu. Usiutie motoni kamwe, kwa kuwa moshi wa zinki humletea mtu homa mbaya. Wanaotaka kuondoa mng'aro wake huulowesha ndani ya siki, nje ya nyumba penye hewa. Na macho yakingwe kwa miwani ya kazi wakati wa kukata, maana vipande huruka.

Kutoka sebuleni hadi bandani

Deraya yaweza kufumwa sebuleni, lakini chepeo hapana, labda uwe umekosana na majirani. Chepeo hufuliwa kwa bamba la chuma lenye unene wa milimita moja na nusu au mbili. Fundi huchonga shimo kama bakuli kwenye gogo, huweka bamba juu yake na kuligonga kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, kuanzia pembeni akielekea katikati, hadi lianze kubonyea. Chuma kikigongwa sana hukaza na hutaka kupasuka, kwa hiyo hupashwa moto hadi kiwe chekundu, kikaachwa kipoe polepole, kisha kazi ikaendelea. Mwishoni huongezwa ulimi wa chuma unaoshuka mbele kukinga pua. Ukiwa umewahi kupita Kamukunji, Nairobi, ukayasikia yale makelele ya mafundi wanaofua masanduku na majiko, basi umekwisha kupata picha ya banda hilo. Fundi yeyote wa huko angeifahamu kazi hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Lakini chepeo tupu ni kengele, na kichwa chako ndicho kipigio. Ni lazima ndani yake pawe na kofia nene iliyoshonwa kwa kitani na kujazwa sufu. Vivyo hivyo, chini ya deraya huvaliwa koti lililoshonwa tabaka kwa tabaka kama godoro jembamba. Chuma huzuia makali, lakini mshindo hupita moja kwa moja na kuvunja mfupa. Anayeumeza mshindo ni koti. Wanaoanza wengi hulishona wenyewe kwa blanketi kuukuu. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu, wazoefu watakuambia uanze na koti, deraya itafuata.

Ngao nazo hukatwa kwa plaiwudi, zikabandikwa kitambaa cha kitani kwa gundi. Ukingo wake huzungushiwa ngozi mbichi ili usipasuliwe na shoka. Na ngozi hiyo hupatikana wapi mjini? Katika maduka ya vyakula vya mbwa! Huko huuzwa mifupa ya bandia iliyokunjwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe ili mbwa watafune. Mtu huiloweka usiku kucha, huikunjua, huishona ukingoni mwa ngao ikiwa ingali laini, na ikikauka huwa ngumu kama ubao. Sijui mbwa wao wana maoni gani.

Silaha ni za chuma cha kweli, lakini si za makali. Ukingo wa upanga huwa butu, wa milimita 2 au 3, na ncha huviringwa. Kabla ya kila pambano wasimamizi hupita wakipapasa kila upanga kwa kidole, wakitafuta meno ya chuma yanayoweza kuchana ngozi. Asiyefanya mazoezi na kikundi chake hapewi nafasi uwanjani. Saa ya mkononi huvuliwa, miwani vilevile. Kikundi cha Regia Anglorum, kilichoanzishwa mwaka wa 1986, kimejijengea hata jumba zima la mbao la enzi hizo huko Kent.

Nani alikuwa na deraya?

Sasa baragumu imelia na wapiganaji wanashuka. Tazama vizuri. Karibu kila mmoja anang'aa chuma tangu kichwani. Ni picha nzuri, lakini hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na sherehe hii.

Mwaka wa 1066 deraya ilikuwa mali. Chuma kilikuwa ghali, na pete 25,000 zilikuwa miezi ya mkono wa fundi. Wapiganaji wa nyumba ya mfalme, wale wenye mashoka ya mikono miwili, walikuwa nazo, na wapanda farasi wa Normandy pia. Mkulima aliyeitwa kutoka shambani alikuja na mkuki, ngao, na nguo alizolimia. Kwenye kile kitambaa mashuhuri cha Bayeux, kilichodariziwa hadithi ya vita hivi kwa urefu wa karibu mita 70, utaona deraya zikipelekwa melini huku zimetundikwa kwenye miti, kila moja ikibebwa na watu wawili. Wapiga mishale wengi hawana. Na ukingoni mwa chini, karibu na mwisho, watu wanawavua maiti deraya zao kwa kuzivutia kichwani. Maiti wanabaki uchi. Hivyo ndivyo kitu hicho kilivyothaminiwa.

Kwa hiyo kijana wa leo mwenye waya wa boma na subira ya siku mia moja ana kinga ambayo mkulima wa Harold hakuiota. Baadhi ya vikundi hulijua hilo na hutaka anayeanza apigane kwanza kama mtu wa kawaida, kwa kanzu na ngao tu. Watafute hao kwa macho, mara nyingi wako safu za nyuma. Ndio walio karibu zaidi na ukweli wa siku ile, hata kama kamera zinawaruka.

Wenye chuma nao walikuwa na mikosi yao. Wiki tatu kabla, kule Stamford Bridge kaskazini mwa Uingereza, Harold alilishinda jeshi la mfalme wa Norway. Mwandishi wa Iceland, Snorri Sturluson, aliyeishi karne ya 13, asimulia kuwa siku hiyo jua lilikuwa kali na Wanorwe wakaziacha deraya zao melini. Naye William, asubuhi ya vita vya hapa Battle, yasemekana aliivaa ya kwake mbele nyuma, wenzake wakaingiwa na hofu kuwa ni ndege mbaya. Akacheka, akaigeuza.

Ukienda na watoto, wavishe viatu vya mvua, kwa sababu mteremko ule mwezi wa Oktoba ni tope tupu. Nunua tiketi mapema. Ukipata siku nyingine London, ingia Wallace Collection, jumba lenye silaha na mavazi mengi ya vita ambalo halitozi kiingilio. Isitoshe, Julai 2025 ilitangazwa kwamba kitambaa cha Bayeux kingeazimwa British Museum jijini humo kuanzia Septemba 2026 hadi Julai 2027.

Jioni, filimbi ikishapulizwa, maiti wote huinuka na kujipangusa tope. Usiondoke mara moja. Rudi kwenye mahema uwaone wameketi, chepeo zimewekwa kando, wakipitisha vidole juu ya deraya kutafuta pete zilizofunguka. Kila mmoja ana kijimfuko cha pete za akiba, na koleo mbili.