Manahodha Wengi

Waswahili wana methali mbili ambazo kwa muda mrefu niliona zinapingana. Moja husema kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sikupata kuzipatanisha mpaka nilipoingia chuo kikuu, madarasa ya jioni baada ya saa za kazi, kusomea usimamizi wa miradi ya teknolojia ya habari.

Wengi walioniuliza nasoma nini walidhani najifunza kutengeneza kompyuta. Sivyo. Fani hii humfundisha mtu kuifikisha kazi mwisho wake: kuigawa vipande, kujua kipi kitangulie na kipi kifuate, kukadiria siku na fedha, na kutambua mapema mahali panapoweza kuharibika. Tulichora jedwali la mistari lililoenezwa na Mmarekani Henry Gantt mwanzoni mwa karne ya 20, na tukajifunza kuutafuta ule mfululizo wa kazi ambao ukichelewa siku moja, mradi mzima huchelewa siku moja.

Lakini somo lililonikaa moyoni ni la Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu ya OS/360 katika kampuni ya IBM. Katika kitabu chake The Mythical Man-Month, kilichotoka mwaka 1975, alieleza kwamba ukiongeza watu katika mradi wa programu uliokwisha kuchelewa, unauchelewesha zaidi. Kwetu sisi tuliozoea msaragambo, neno hili ni gumu kumeza. Shamba likiwashinda watu kumi, si huitwa ishirini? Ndiyo, lakini mtu anayelima hana haja ya kumwuliza mwenzake kila apigapo jembe. Watunga programu hawana budi kuelewana. Watu wanne wana njia 6 za kuzungumza wawili wawili. Wakiwa wanane, njia zinakuwa 28. Tena mgeni hufundishwa na wale wale waliolemewa na kazi. Basi methali zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina mahali pake.

Mwalimu alitusimulia pia habari ya magari ya wagonjwa ya London. Mwishoni mwa Oktoba 1992 kompyuta zilikabidhiwa kazi ya kuyapangia magari yale safari, hali mfumo wenyewe haujakamilika na watumishi hawana imani nao. Simu zilirundikana, magari yakachelewa. Tarehe 4 Novemba mfumo ulikwama kabisa, na watumishi wakarudi kwenye karatasi.

Habari hiyo ilinigusa, maana wakati ule nilikuwa karani katika masjala ya hospitali, na mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa kupanga jinsi ya kuyahamishia majalada yetu kwenye kompyuta. Masjala ile ilikuwa mikononi mwa mama mmoja aliyebakiza miaka michache kustaafu. Nilipomweleza mpango wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Na umeme ukikatika usiku, mwanangu, mgonjwa tumwambie arudi kesho?" Akanyamaza kidogo. "Na mimi je, nitakuwa wapi?"

Swali la kwanza lilikuwa na jibu la kununuliwa dukani. La pili halikuwa nalo. Nililijibu kwa kumweka katika mstari wa kwanza wa jedwali, kabla ya ununuzi wa mashine yoyote: yeye ndiye angetueleza jalada huzungukaje kutoka chumba hadi chumba, na yeye ndiye angetamka "tayari" au "bado". Msahihishaji aliona nimeurefusha mradi wiki sita bure. Mstari ule sikuufuta.

Ndugu msomaji, siku mashine mpya itakapoletwa kazini kwako, usianze kuuliza ina nguvu kiasi gani. Uliza kwanza ni nani aliyeshauriwa kabla haijanunuliwa.