Birkat al-Mouz: maji ya mfereji na maji ya kisima

Tulifika Birkat al-Mouz, chini ya Jabal Akhdhar nchini Oman, baada ya Sala ya Alasiri, na maji tuliyasikia kabla hatujayaona. Ni maji ya Falaji al-Khatmayn, mmojawapo wa mifereji mitano iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Hutoka ardhini na kuteremka yenyewe, pasi na pampu.

Mwenyeji wetu, mzee aliyezaliwa Unguja, alitueleza utaratibu. Maji ya kunywa hutangulia, kisha ya msikiti na ya kuogea, mashamba hufuatia. Zamu za wakulima hupimwa kwa athari, yaani takriban nusu saa, mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, ingawa siku hizi wengi hutazama saa ya mkononi. Misikiti nayo ina mafungu yake ya wakfu, yakakodishwa kwa manufaa yake. Sisi tunaohangaika na ankara za maji za msikiti tuliusikiliza mlango huu kwa makini zaidi.

Kisha akatupeleka shambani kwa mwanawe, nje ya mji. Huko mipira myeusi imelazwa mashinani mwa mitende, ikidondosha maji tone kwa tone. Vihisio vimechomekwa udongoni: unyevu ukipungua vali hufunguka, ukitosha hujifunga, na kijana husoma yote katika simu. Maji ya kufurikisha shamba hupotea mengi kwa jua. Haya huufikia mzizi. Tulivutiwa, hatufichi.

Lakini yanavutwa na pampu kutoka kisima kirefu, na visima vya namna hiyo hushusha maji ya ardhini ambayo falaji huyategemea.

"Mwanangu," mzee aliuliza, "maji uliyoyaokoa umeyaacha chini?"

"La, baba. Nimeongeza safu mbili za mitende."

Tulikumbuka kisa cha Zubayr (r.a.) na jirani yake wa Kiansari, walipogombea mfereji Madina. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zubayr anyweshe, kisha amwachilie jirani maji. Jirani wa mfereji huonekana. Wa kisima huenda asijue kwa nini falaji yake imepungua. Kwa hiyo tulipendekeza kipimo kingine kifungwe mdomoni mwa kisima, na wakili wa falaji asomewe hesabu yake kila mwezi. Kijana hakukataa. Aliuliza tu iwapo wenye visima vya jirani nao watafunga.