Bibi alitaka kuiona bahari

Presha ya macho inampunguzia mama mkwe wangu uwezo wa kuona, na uliokwisha kupotea haurudi. Kwa hiyo Desemba hatukungoja fedha za hoteli. Tulishusha matenga ya nyanya kwenye Hiace, tukatandika magodoro, tukaondoka Kilolo. Kwenye mteremko wa Kitonga watoto walivua masweta. Mikumi walimwonyesha bibi yao kila twiga. Tulilala garini Bagamoyo, kisha tukafuata pwani hadi Pangani.

“Kumbe haina ng’ambo!” alisema mama, maji yakimfika magotini.

Ugonjwa huu hufuata ukoo, hivyo tuliporudi mume wangu naye alipimwa. Wazazi wenzangu, kama mzee wenu ana hamu ya kuona mahali, mpelekeni angali anaona.