Pembe za Mwezi

Chati ya ukutani niliyoikuta nilipoanza kufundisha Sayansi mjini Kajiado ilionyesha mwezi mchanga umesimama wima. Watoto waliokulia kwenye uchungaji waliutazama mchoro ule wakaukataa. Mwezi wanaoujua wao hulala chali, ncha zote mbili juu, kama pembe za ng'ombe. Nao walisema kweli. Mchoro ni wa nchi za mbali kaskazini. Kwetu, kusini kidogo ya ikweta, jua huzama karibu wima na mwezi mchanga hulifuata kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo mwanga huupiga kutoka chini. Tangu siku hiyo somo langu lilianzia kwa alichokiona mtoto. Chati ilingoja zamu yake.

Kitengela nilikohamia baadaye, taa za barabara ya Namanga na za viwanda vya Athi River zimeficha Kilimia na nyota nyingine nyingi. Mwezi taa haziuwezi. Siku chache baada ya mwezi mpevu, ukiwa bado magharibi asubuhi, nilitoa darasa uwanjani na machungwa. Mtoto hunyoosha mkono juani, hufumba jicho moja, hulisogeza chungwa hadi likae kando ya mwezi. Sehemu iliyong'aa kwenye chungwa ni ile ile iliyong'aa kwenye mwezi. "Mwalimu, vimefanana!" Sijawahi kuchoka kuisikia sauti ile.

Kisha umbali. Mpira wa miguu ukiwa dunia, wa tenisi ni mwezi. Karibu kila mtoto aliuweka ule wa tenisi hatua moja tu. Tulipima kamba mara 30 ya upana wa dunia yetu, tukatoka ubaoni hadi madawati ya nyuma, mita sita na nusu. Jua lingekuwa na kimo cha ghorofa nane, zaidi ya kilomita mbili na nusu kutoka hapo. Wengine waligeuka kutazama dirishani.

Wengi, hata wazazi, huamini kwamba kivuli cha dunia ndicho kinachoumega mwezi kila mwezi. Ijumaa ya Julai 27, 2018 ilinisaidia kuonyesha kivuli hicho hufanya nini hasa. Mwezi ulipatwa kabisa kwa dakika 103, kuanzia saa nne na nusu usiku, ukawa mwekundu, na Mirihi, nyekundu pia, ikiwa jirani. Usiku huo huo Susan Murabana na wenzake wa mradi wa Travelling Telescope walikuwa Oloika, Magadi, kaunti hii hii yetu, wakiwapa vijana nafasi ya kutazama kwa darubini. Moyo wangu ulifurahi sana kusikia hivyo.

Jumatatu msichana mmoja aliuliza kwa nini mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu. Niliweka kando yote niliyoandaa. Njia ya mwezi imeinama nyuzi tano hivi, kwa hiyo mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli. Tuliishika kamba tena, tukaiinamisha, naye ndiye aliyeubeba mwezi.