Bei ya Kutoboa Ukuta

Tunaandika haya tukiwa na aibu kidogo, lakini tumeona afadhali tuyaseme.

Nyumba yetu iko Morogoro. Tunaishi na Mama, yaani mama mkwe, ambaye alipatwa na kiharusi na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Kila asubuhi tulikuwa tunamsogeza hadi dirisha la sebuleni, ambapo huiona milima ya Uluguru alikozaliwa. Kumtoa nje kulihitaji watu wawili, maana korido ni nyembamba na mlango wa jikoni una ngazi tatu. Baba wa nyumba akiwa safarini, Mama hakutoka. Mmoja wetu ni muuguzi, na amewahudumia wagonjwa wengi waliopata vidonda vya mgandamizo kwa kukaa mahali pamoja. Basi mwaka jana tuliamua dirisha lile ling'olewe na mahali pake uwekwe mlango.

Mlango wenyewe haukutusumbua. Seremala alitupimia mlango wa mninga wa pande mbili, upande mkubwa sentimita 90 ili kiti kipite bila kukwaruza mikono ya Mama, akataja bei na tukamlipa. Taabu ilikuwa pesa ya ufundi.

Fundi wa kwanza alitaka shilingi 650,000. Alishauri tupanue uwazi tuweke mlango mpana wa kioo. Kwa hiyo ilibidi lenta ya zamani ivunjwe, ukuta wa juu uegemezwe kwa miti, imwagwe zege mpya na kusubiriwa ikomae. Zege huendelea kupata nguvu hadi siku 28, na miti haiondolewi kwa pupa. Tulimshukuru, tukamwambia tutafikiri.

Wa pili alisimama mlangoni, akachungulia, akasema 120,000. Hakupima kitu, wala hakuinua macho kuitazama lenta. Yeye hatukuhitaji hata kumfikiria.

Wa tatu tunasali naye kanisa moja. Alitoa futi kamba, akapima upana wa dirisha sentimita 150, akagonga ukuta juu na chini. Akatueleza kwamba tukibaki na upana ule ule, lenta haiguswi. Kinachokatwa ni matofali yaliyo chini ya dirisha tu, nayo hayabebi ukuta. Alitaja 350,000.

Hapo ndipo tulipoanza. Tulimwambia, "Fundi, sisi si ni wenzako? Tena kazi yenyewe ni ya mgonjwa." Tulimkumbusha kwamba yeye mwenyewe humwita Mama bibi. Alitazama chini kwa muda. Tulipotaja 220,000 alisema, "Haya, Mama Neema, tutafanya." Jioni ile tulifurahi sana, tukahesabu tulichookoa.

Alisema siku nne. Siku ya pili dirisha lilikuwa limetoka na ukuta uko wazi hadi chini. Ndipo tukakumbuka kwamba sakafu yetu iko sentimita 30 juu ya uwanja. Fundi alitaka kuweka mteremko mfupi. Muuguzi akakataa, kwa sababu kiti cha magurudumu kinahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, la sivyo anayesukuma huzidiwa na mgonjwa huanguka. Kwa hiyo mteremko uwe wa mita 3 na sentimita 60, tena mbele ya mlango pawe na sehemu tambarare. Saruji na mchanga tulinunua sisi. Kuhusu ufundi wake hatukusema lolote, naye hakuuliza.

Siku ya nne fundi hakuonekana. Usiku tulifunga turubai kwenye uwazi ule na kulala kwa zamu tukiogopa wezi. Siku ya tano vilevile hakuja. Baba wa nyumba akaondoka na maneno makali mdomoni. Alimkuta kwenye jengo la mtu mwingine, anajenga kwa malipo ya siku. Fundi alieleza kwa upole kwamba saidia fundi wake anadai, na nyumbani kwake hakuna unga. Alisema angerudi kesho yake.

Usiku ule tulichukua daftari la matumizi, tukaandika. Kwa mteremko ule, kazi ingechukua siku sita. Saidia fundi kwa 15,000 kwa siku, jumla 90,000. Kukodi mashine ya kukatia ukuta, 30,000. Guta la kuondoa kifusi, 25,000. Katika zile 220,000 zilibaki 75,000, ukigawa kwa siku sita unapata 12,500. Fundi aliyepima na kufikiri alikuwa akipata pungufu kuliko kijana anayembebea matofali. Tukapiga hesabu kwa zile 350,000 alizotaja mwanzo: ingekuwa 34,000 hivi kwa siku. Kumbe bei yake haikuwa na ujanja wowote.

Na hapa muuguzi hakupata usingizi. Kwa miaka mingi amelalamika juu ya majirani wanaogonga usiku apime presha au asafishe kidonda, kisha wanasema, "Ahsante dada, Mungu atakulipa." Maneno hayo hayo ndiyo tuliyomwambia fundi, ila sisi tuliyasema kabla ya kazi.

Fundi aliporudi tulimpa 350,000 kamili, tukiondoa alichokwisha kupokea, na tukamwomba radhi mbele ya saidia fundi wake. Hakufanya makuu. Alitoa fungu la kijana kwanza, akakunja zilizobaki. Kisha akaliangalia lile dirisha la zamani lililoegemea mwembe, akauliza tunaliuza kiasi gani. Tulisema 40,000. Akacheka, akasema, "Mama Neema, sisi si ni wenzako?" Alilichukua kwa 30,000.

Mteremko uliachwa wiki nzima ukimwagiwa maji kabla haujapitiwa na kitu. Siku ya kwanza Mama alisukumwa nje na mjukuu wa miaka 11, peke yake. Alikaa uwanjani hadi adhuhuri, akatuambia maharage yetu yamepandwa karibu karibu mno.