Mapendo Hayana Bei

Mimi ni katekista hapa Lubumbashi, komini ya Katuba. Kila mwaka nawafundisha wakatekumeni sura ya tano ya Injili ya Mathayo, pale Bwana Wetu anapotuamuru kuwapenda hata adui zetu, maana Baba wa mbinguni huwanyeshea mvua wema na wabaya. Nawatajia pia Mwenye Heri Anuarite, bikira wa nchi yetu, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, akamsamehe mwuaji wake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa mwaka 1985. Nilidhani somo hili nalijua. Sikulijua.

Nyumbani kwetu palikuwa na cherehani ya zamani. Marehemu baba aliipata Likasi mwaka 1992. Mwaka ule, kwa sababu ya ugomvi wa siasa, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, kisha, mwaka uliofuata, Kolwezi, ingawa wengi walizaliwa huku, wana na wajukuu wa watu walioletwa kufanya kazi za migodi na reli. Maelfu walilala stesheni wakingoja gari-moshi, na wengi, hasa watoto, walifia pale na njiani. Wenye njaa waliuza vitu vyao kwa bei ya bure. Baba alitoa beseni moja la unga, akapewa cherehani. Mama akashona, na kwa mshono ule mimi nilisoma mpaka seminari.

Mwaka jana mama mmoja mzee alihamia jirani yetu kutoka Mwene-Ditu, akaingia katika shirika letu la sala. Siku moja alisimulia kwamba alizaliwa Likasi, na kwamba pale stesheni waliuza vyote. Nilinyamaza. Niliporudi nyumbani niliifunika cherehani kwa kitambaa. Je, ilikuwa yao? Sijui. Lakini ilikuwa ya watu kama wao.

Halafu mtoto wetu akashikwa na malaria kali. Yule mama alikesha nasi siku tatu, akimpangusa mtoto kwa maji, akimnywesha uji, bila kuitwa na mtu. Usiku wa tatu sikuweza kuvumilia tena. Nikaondoa kitambaa, nikamweleza yote. Akaitazama cherehani kitambo, asiseme neno. Akainuka, akaenda zake.

Nikasema moyoni: basi, nimempoteza. Lakini kulipokucha alibisha hodi.

«Mwanangu, mtoto ameamkaje?»

Nikamwomba aipokee cherehani. Akajibu: «Mimi nimekuja kwa ajili ya mtoto. Lakini ukiileta, mjukuu wangu atajifunza kushona.» Mama yangu mwenyewe aliipangusa vumbi, nami nikaibeba jioni ile ile.

Ndugu zangu, mapendo ya mama yule hayakungoja nilipe kitu. Alikesha kabla sijasema, akarudi baada ya kujua. Ndivyo Mungu anavyotupenda. Lakini aliyependwa hivyo hawezi kukalia mali ya mnyonge na kusema: nimesamehewa, yatosha. Zakeo aliahidi kurudisha mali za watu baada ya Yesu kusema atakaa nyumbani mwake, si kabla. Basi kila mmoja wetu atazame kwake: ni kitu gani amekifunika kwa kitambaa?